Mfupa Hutambaa, Fizi Hukimbia: Hotuba kwa Wahudumu wa Kinywa na Meno, Mbeya

Hotuba hii, kuhusu utando unaotumika kujenga upya mfupa wa taya, ilitolewa Mbeya mbele ya madaktari, matabibu wa meno, wauguzi na wanafunzi wa Nyanda za Juu Kusini. Tumeiweka yote hapa kwa ajili ya waliobaki zamu vituoni. Picha zilizoonyeshwa ukutani tumeziacha.

Mwagonile, Mbeya na Rungwe! Kamwene, Iringa na Njombe! Mliotoka Songwe na Rukwa, poleni na safari. Wanafunzi mliojibanza nyuma kule, sogeeni mbele, viti vipo, na baridi hii ya Julai hupungua watu wakikaa karibu.

Nianze na swali. Mgonjwa ameng'olewa gego kwenye kituo cha afya. Amerudi baada ya mwaka anataka kipandikizi, ile skrubu ya titaniamu inayopandwa ndani ya taya ili ibebe jino la bandia. Ule mfupa uliokuwa umelishika gego lake umekwenda wapi?

Umeliwa, ndugu zangu. Haukuoza. Mwili wenyewe umeula, kwa sababu haukuona tena kazi yake. Mwaka 2003 watafiti wa Denmark walichapisha vipimo vya wagonjwa waliong'olewa magego, wakiwa wamewafuatilia kwa miezi 12. Kwa wastani upana wa ukingo wa taya ulishuka kutoka milimita 12 hadi 5.9. Theluthi mbili ya upotevu huo ilitokea ndani ya miezi 3 ya kwanza. Miezi mitatu! Mahindi uliyopanda siku ya kung'oa jino hayajakauka shambani, na mgonjwa ameshapoteza milimita 4.

Sasa tupige hesabu pamoja. Kipandikizi cha kawaida kina kipenyo cha milimita 4. Upande wa ulimi kinataka mfupa wa milimita 1.5, upande wa shavu milimita 2. Jumla? Milimita 7.5. Mgonjwa ana ngapi? 5.9. Ukilazimisha, ukuta wa nje unabaki mwembamba kama ganda la yai, nao utaliwa. Baada ya muda fizi inashuka, titaniamu ya kipandikizi inaonekana kama kivuli cha kijivu, na mgonjwa anajifunza kucheka huku ameziba mdomo kwa mkono. Kwa hiyo mfupa lazima ujengwe kwanza. Hapo ndipo unapokuja huu utando tuliokutana kuuzungumzia, karatasi laini inayowekwa kati ya fizi na mfupa.

Nawaomba mbebe jambo moja tu kutoka ukumbini humu. Utando haujengi mfupa. Utando unanunua wiki. Mfupa unajengwa na damu na seli za mgonjwa, na wiki hizo zinalindwa na mkono wako wewe uliyeshona. Utando haujengi mfupa!

Kwa nini wiki zinahitaji kununuliwa? Kwa sababu ndani ya jeraha la taya kuna mbio. Seli za fizi zinakimbia. Ngozi ya fizi inaweza kusogea nusu milimita kwa siku. Mfupa mpya unatambaa: kwa siku nzima, hali ikiwa nzuri, unaongeza chini ya sehemu ya kumi ya milimita. Nani atafika kwanza? Na katika mwili, anayefika kwanza anajaza shimo, anayefika wa pili anakuta pamekaliwa.

Mwaka 1988 Christer Dahlin na wenzake wa Gothenburg, Sweden, walilionyesha jambo hili kwa panya. Walitoboa tundu katika mfupa wa taya ya chini, kulia na kushoto, panya yuleyule. Upande mmoja walifunika tundu ndani na nje kwa utando wa Tefloni. Upande wa pili wakauacha wazi. Baada ya wiki 6 matundu yaliyofunikwa yalikuwa yameziba kwa mfupa. Yale ya upande wa pili, hata baada ya wiki 22, yalikuwa yamejaa nyama laini, mfupa haukuonekana au ulikuwa kidogo sana. Panya ni yuleyule, damu ileile, chakula kilekile. Tofauti ni kwamba upande mmoja mkimbiaji mwenye kasi alizuiwa mlangoni.

Mkulima wa parachichi wa Rungwe analijua hili bila panya. Ukipanda mche katikati ya sangari, sangari halimchukii parachichi. Linawahi tu. Linawahi maji, linawahi mbolea, na mche unabaki na urefu uleule msimu mzima. Mkulima hauvuti mche ili urefuke. Anaweka matandazo kuuzunguka, anauachia muda. Utando ni matandazo yale.

Nije kwenye utando wenyewe. Zamani kidogo tulikuwa na Tefloni peke yake, na ilifanya kazi nzuri, lakini haiyeyuki. Lazima umfungue mgonjwa mara ya pili uitoe. Na fizi ikifunguka kabla ya wakati, Tefloni iliyo wazi inakusanya uchafu, bakteria wanapita chini yake, na mara nyingi unalazimika kuiondoa pamoja na matumaini yote. Utando unaoyeyuka umetuondolea upasuaji huo wa kutoa utando. Ndiyo maana leo, kwa upungufu wa kawaida wa jino moja au mawili, ndio ninaoupendekeza.

Mwingi wa huo umetengenezwa kwa kolajeni, ile protini ya ngozi na kano. Inatoka kwa ng'ombe au kwa nguruwe. Ule wa asili, ambao nyuzi zake hazikufungwa kwa kemikali, hudumu wiki kadhaa tu. Unapokea mishipa ya damu vizuri na fizi inaupenda. Ule uliofungwa nyuzi hudumu miezi 4 hadi 6, lakini ukifunuliwa mdomoni huchelewa kupona na wakati mwingine huleta uvimbe. Kuna na wa viwandani, wa asidi ya laktiki na glaikoliki, ambao huyeyushwa na maji ya mwili na kuacha asidi kidogo njiani. Ukiniuliza nichague mmoja kwa anayeanza, nitachagua kolajeni ya asili. Unasamehe makosa mengi.

Lakini hausamehe moto. Hapa nataka mnisikilize sana, hasa wauguzi na wenzetu wa kuchemsha vifaa. Mnakijua kongoro? Ukichemsha miguu ya ng'ombe saa nyingi, zile kano ngumu zinalainika, mchuzi ukipoa unaganda kama jeli. Mmekula wote, msinitazame hivyo. Basi ile jeli ni kolajeni iliyovunjwa na joto. Ukichukua kipande cha utando kilichobaki, ukakiingiza kwenye otoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke, kwa nyuzijoto 121 ili ukitumie kwa mgonjwa wa Ijumaa, unamtengenezea mgonjwa wa Ijumaa mchuzi wa kongoro. Kitatoka kimejikunja, na hata kingebaki na umbo, hakina tena nguvu ya kukaa wiki hata moja. Pakiti ikifunguliwa, kinachobaki kinatupwa. Inauma, najua bei zake. Kinatupwa.

Na kabla ya pakiti kufunguliwa, muulize mgonjwa. Muislamu, Msabato, mtu wa Kihindu mwenye duka mjini: kila mmoja ana haki ya kujua kinachowekwa ndani ya taya yake kimetoka kwa mnyama gani. Mwambie kwa Kiswahili cha wazi: huu umetoka kwa nguruwe, huu kwa ng'ombe, huu ni wa kiwandani. Mwache aende nyumbani aongee na familia. Mgonjwa akija kugundua baadaye kwamba alifichwa, amekosewa, hata kama mfupa umeota vizuri.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji. Umeshapiga picha ya pande tatu, umepima upana, umejua mfereji wa mshipa wa fahamu uko wapi. Gramu 2 za amoksilini mgonjwa amemeza saa moja kabla, kama hana mzio wa penisilini. Ganzi imeshika. Unakata juu ya ukingo, katikati ya ile fizi ngumu ya waridi, unaongeza mkato wa kushuka upande mmoja au pande mbili, unafunua pazia la fizi lote hadi mfupa. Kwangua kila nyama laini iliyobaki juu ya mfupa. Kila nyama. Mfupa mpya haushikani na nyama laini.

Halafu toboa ukuta wa nje wa mfupa kwa kichwa cha drili cha mduara cha milimita 1, matundu machache yaliyoachana milimita chache, hadi damu ichuruzike. Damu ile ndiyo inayobeba wajenzi. Mwagilia maji tiba ya chumvi muda wote. Mfupa ukifika nyuzijoto 47 kwa dakika 1, seli zake zinaumia, na hutaona kwa macho kwamba umeziumiza.

Weka chenga za mfupa. Naziita chenga kwa sababu ndivyo zilivyo: robo milimita hadi milimita 1, kama chenga za mchele wa Mbarali zilizochekechwa mara mbili. Kwa pengo la jino moja mara nyingi nusu gramu inatosha. Changanya na mfupa wa mgonjwa mwenyewe uliokwanguliwa pembeni, nusu kwa nusu ukiupata, na damu yake. Zisishindiliwe. Damu ipite katikati yake.

Utando ukate ukiwa mkavu. Ukilowa unateleza kama ngozi ya maziwa na mkasi hauushiki. Upite ukingo wa upungufu kwa milimita 2 hadi 3 kila upande, ukalie mfupa mzima, lakini ukae mbali kidogo na mizizi ya meno ya jirani, milimita 1 hadi 1.5, kwa sababu bakteria hupita pembezoni mwa jino na kuingia chini yake. Kama utando una sura mbili, ile laini inatazama fizi na ile ya nyuzinyuzi inatazama mfupa. Wanafunzi, rudieni: laini kwa fizi, nyuzinyuzi kwa mfupa! Na someni karatasi iliyo ndani ya boksi, maana kila kampuni ina maelekezo yake ya kulowesha.

Hapa kuna kosa ambalo huwapata hata wenye mkono mzuri. Mmeona malori ya viazi yanayotoka Njombe kwenda Dar es Salaam? Turubai halina umbo lake. Umbo ni la magunia yaliyo chini. Na turubai ambalo kamba zake hazikukazwa, hata liwe jipya, likifika kona za Kitonga mzigo unahama, gunia la juu linaegemea upande, na dereva anasimama pembezoni akilia. Utando wa kolajeni ni turubai. Ukilowa, hauwezi kusimama wenyewe. Umbo lake ni la chenga ulizoweka chini, na chenga hizo zikitikisika kila mgonjwa anapotafuna, badala ya mfupa utapata nyama ngumu iliyojaa punje. Kwa hiyo funga kamba: pini ndogo za titaniamu, mbili upande wa shavu na moja ukingoni ikihitajika, au kama pini hazipo, uzi unaopita juu ya utando na kushikwa kwenye ngozi ya mfupa pande zote mbili. Ukimaliza, bonyeza kwa kidole. Kikihama kitu, hujamaliza.

Na turubai lina kikomo. Kama unachotaka ni kuongeza urefu wa taya kwenda juu, milimita 4, milimita 5, kolajeni peke yake haitabeba. Hapo panahitaji skrubu za kuinua kama nguzo za hema, wavu wa titaniamu, au kipande cha mfupa kizima, na panahitaji mtu aliyefunzwa hivyo. Kumpa mgonjwa rufaa siku hiyo hakukupunguzii heshima.

Nimefika mahali ambapo kazi nyingi hufia, na nitakaa hapa kidogo. Kufunga.

Ulipoweka chenga, umenenepesha taya kwa milimita 4 au 5. Pazia la fizi ni lilelile la mwanzo. Litafika vipi? Ni kama shati la mtoto kwa baba yake. Unaweza kulivuta, kifungo kikaingia kwenye tundu lake, ukasema limefunga. Subiri akae chini.

Chukueni mgonjwa wa aina hii, maana mtampata: mwalimu kutoka Tukuyu, pengo la mbele juu, utando mzuri, chenga nzuri, kila kitu kizuri, na daktari kavuta pazia kwa uzi hadi likafika. Siku ya kwanza linapendeza. Siku ya tatu uvimbe unapanda, uzi unakaza, kingo za fizi zinakuwa nyeupe kwa kukosa damu. Siku ya saba au ya nane uzi umekata nyama na utando unaonekana. Vimeng'enya vya bakteria vinaula, na utando uliotakiwa kudumu wiki nyingi unaisha kwa siku chache. Mtu atasema utando ni feki. Utando haukuwa feki. Pazia lilivutwa.

Dawa yake ni ndogo, inachukua dakika tano. Geuza pazia, uone ile ngozi ya mfupa kwa ndani, nyeupe na isiyonyumbuka kama turubai. Kwa kisu kipya namba 15, ikate mstari mmoja kuanzia mkato wa pembeni hadi mkato wa pembeni, kina cha milimita 1 tu, ukiwa umelivuta pazia taratibu kwa kibanio. Utaona kwa macho yako linaachia, kama mkanda uliolegezwa tundu moja. Jaribu: pazia lipite ukingo wa upande wa pili kwa milimita 5 bila kuvutwa, mdomo wa mgonjwa ukiwa umetulia. Halijafika? Lirudie, palepale, kwa ncha butu. Kwenye taya ya chini, eneo la magego madogo, mshipa wa fahamu wa kidevu unatokea hapo; utafute, uuone, ukate mbali nao, la sivyo mgonjwa atakaa na mdomo uliokufa ganzi. Upande wa ulimi usikate kwa kisu kama hujafundishwa. Kuna mishipa ya damu ambayo ikikatika, sakafu ya mdomo inavimba hadi kuziba njia ya hewa.

Shona mistari miwili. Wa kwanza wa mshono wa godoro, ule unaokwenda na kurudi, milimita 4 kutoka ukingoni, ubebe uzito wote. Wa pili moja moja kwenye ukingo, ukutanishe tu. Uzi uwe mmoja usiosokotwa na usioyeyuka, 5-0, ambao ni mwembamba kuliko 3-0. Najua stoo nyingi zetu zina hariri 3-0. Hariri hunyonya mate kama utambi wa koroboi na kuyapeleka ndani ya jeraha. Iacheni kwa kazi nyingine. Nyuzi zinatoka siku ya 14, si siku ya 5 kwa sababu mgonjwa anasafiri.

Na safari ni suala kubwa kwetu. Mgonjwa wa Makete, wa Ludewa, wa Chunya: panga naye siku ya 3, ya 7 na ya 14 kabla hujampiga ganzi, pamoja na nauli. Asipoweza kurudi siku ya 3, apige picha kwa simu, mchana, mbele ya dirisha, atume. Mwambie asiivute midomo kujitazama kwenye kioo kila asubuhi. Asukutue klorheksidini, dawa ya kuua vijidudu mdomoni, 0.12 asilimia mara mbili kwa siku, wiki mbili. Uji, ndizi za kupondwa, supu isiyo ya moto. Mahindi ya kuchoma na muwa vingoje. Sigara ivunjwe kabla na baada, na kama hawezi, ni heri kuahirisha. Ulanzi pia ungoje, hasa siku za dawa, maana aliyelewa hakumbuki jeraha lake. Mwenye kisukari atulize sukari kwanza. Mgonjwa anayetumia dawa za kukaza mifupa, au aliyepigwa mionzi ya saratani kichwani na shingoni, usimguse kabla hujaongea na wanaomtibu.

Mafundi wa maabara, hili ni lenu: meno ya bandia ya kuvaa yakigusa jeraha, yamemaliza kazi yote. Yasivaliwe wiki 2 hadi 3 za mwanzo, kisha yachimbwe kwa ndani mpaka yasiguse kabisa. Nimesema kabisa.

Ikitokea jeraha limefunguka na utando ni kolajeni, usikimbilie kuvuta na kushona upya. Kingo zile zimechoka, zitakatika tena. Osha, endelea na klorheksidini, mwone kila wiki. Mara nyingi fizi itajifunga yenyewe ndani ya wiki chache, na utapoteza sehemu ya mfupa, si wote. Ikiwa kuna usaha, habari ni nyingine: fungua, toa kila kitu, osha, funga, subiri miezi kadhaa uanze upya. Mwambie mgonjwa ukweli siku hiyohiyo.

Yote yakienda sawa, subiri miezi 6. Usisukumwe na arusi ya mtu. Piga picha tena, fungua kwa ajili ya kipandikizi, na gusa kwa kifaa: punje ziwe zimeshikwa ndani ya mfupa, zisicheze, na ukitoboa damu itoke.

Nimalizie na ninyi matabibu wa wilayani, mnaong'oa meno mengi kuliko sisi wote. Mwanzo wa hesabu ya leo ulikuwa gego lililong'olewa, na mkono ulioling'oa ulikuwa wenu. Ukuta wa nje wa tundu la meno ya mbele, kwa watu wengi, haufiki unene wa milimita 1. Koleo likiyumbishwa kwa nguvu kuelekea mdomoni, ukuta unakuja na jino. Kata nyuzi za fizi kwanza, tenganisha mizizi ya gego badala ya kulipigania zima, egemeza nguvu pembeni na siyo kwenye ukuta wa mbele. Baada ya hapo tazama tundu kwa taa na uandike kwenye karatasi ya rufaa mambo matatu: tarehe ya kung'oa, ukuta wa nje upo au umevunjika, na kama mgonjwa angependa kipandikizi. Mwenye kupenda, mtume mapema, kabla miezi 3 haijaisha.

Nje pale, chini ya mti, kuna meza na vichwa vya mbuzi kutoka machinjioni, kisu namba 15 kwa kila watu wawili, na nyuzi 5-0. Badala ya utando tumekata karatasi ya kuchujia kahawa, ilowesheni muone inavyoteleza. Jambo la kwanza tutakalofanya ni ule mkato wa milimita 1 ndani ya pazia. Hakuna kushona mpaka pazia la kila mmoja lipite milimita 5. Nitapita na rula.